"Get" siyo "pata" tu: tulifungue hili neno dogo la Kiingereza

Mtu akianza kujifunza Kiingereza, get ni kati ya maneno ya kwanza kabisa anayokutana nayo, anaambiwa get ni pata, anaandika kwenye daftari, anafunga. Halafu siku moja anasikia "it's getting dark", anajaribu kuweka pata pale haiingii, giza linapata nini sasa? Anasikia "he got fired", amepata kufukuzwa? Anasikia "get up", "get lost", "I don't get it", "I've got to go" na kila moja ina maana yake na wala hazifanani. Wengi wakifika hapo wanakata shauri kwamba hili neno halina kichwa wala miguu, ni la kukariri sentensi moja moja mpaka uzoee. Mi sikubaliani na hilo kabisa, na nimeona watu wenye akili nzuri wakiteseka nalo miaka na miaka bila sababu, ndo maana naandika.

Get ina kichwa na miguu inayo. Ukiifuatilia kila mahali inapotokea utakuta kuna kitu kilikuwa upande huu kikavuka kikawa upande ule. Hukuwa na kitabu, sasa unacho: get. Hukuwa na hasira, sasa unazo: get. Ulikuwa nje ya basi, sasa uko ndani: get. Ulikuwa huelewi, sasa umeelewa: get. Neno lenyewe halisemi umevukia wapi, kazi hiyo linaliachia neno linalokuja baada yake, kwa hiyo ukilitafsiri peke yake lazima likusumbue. Usiulize "get maana yake nini", uliza "get na nini?"

Na sisi wa Kiswahili tuna bahati moja ambayo hatuitumii. Lugha yetu inaifanya kazi hiyohiyo, ila inaifanyia mwishoni mwa kitenzi. Angalia: vunja, vunjika, vunjwa, vunjia. Mzizi mmoja, tunabadilisha mkia tu na habari inageuka, nani kafanya, nani kafanyiwa, kitu kimekuwaje. Kiingereza mikia ya namna hiyo kinayo michache sana, kwa hiyo kinatumia vitenzi vifupi vya kubebea, na get ndo punda wake mkuu. Ukishaliona hilo, sentensi nyingi za get unazijua tayari, unazijua kwa Kiswahili.

Kwanza historia kidogo, siyo ndefu. Neno hili halikuzaliwa Uingereza, lilikuja na watu wa Skandinavia, wale Vikings ambao mwaka 793 walishambulia nyumba ya watawa pale Lindisfarne, kisiwa kidogo cha Uingereza, na baadaye wengi wao wakahamia moja kwa moja, wakalima, wakaoa, wakachanganyika na wenyeji. Kwao lilikuwa geta, yaani kupata, na pia kuzaa. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa neno hili lakini halikuwa la kusimama peke yake, lilikuwa limeganda ndani ya maneno mengine: forgietan, ambalo leo ni forget, yaani kitu kukuponyoka, na ongietan, ambalo lilikuwa na maana ya kuelewa ila lilishakufa. Kiingereza cha kale kilitamka hiyo g karibu na y yetu. Hii g ngumu tunayoitamka leo ni alama ya wale wageni. Kumbuka hilo la kuelewa, tutalirudia.

Sasa tuanze na pata yenyewe, maana ipo na ni halali. "I got your message" nimepata meseji yako. "She got a new job" amepata kazi mpya. "Where did you get that?" hicho umekipata wapi. Hapo hakuna shida. Ila hata hapa get ni pana kuliko pata kwa sababu inachukua na kununua, na kwenda kuchukua, na kupokea. "I'm going out to get bread" haina maana kwamba unaenda kujaribu bahati yako, unaenda kununua. "Can you get the door?" ni kumwomba mtu akafungue mlango, "can you get the phone?" apokee simu, na mkishamaliza kula mwenzako akisema "I'll get this" anamaanisha bili niachie mimi nalipa. Na ukiweka mtu katikati inakuwa sawasawa na kile kimkia chetu cha -ia: "get me some water" ni nipatie maji. Siyo lazima useme bring kila mara. Bring ni lete, kitu kinasogezwa kuja hapa tulipo, ila get ina safari nzima ndani yake, nenda kakitafute uje nacho.

Magonjwa nayo yako hapa, ila kwetu yanageuka. Sisi mafua yanatushika, homa inatupata, ugonjwa ndo unaotenda na mtu anatendewa. Kwao mtu ndo anaupata: "I got a cold". Ukishalijua hilo huwezi tena kusema mafua yamenishika kwa kufuata neno kwa neno.

Haya, tuje kwenye sehemu ambayo nadhani ndo yenye faida kubwa kuliko zote, get na sifa. Get angry, get tired, get drunk, get old, get sick, get better, get ready, get dark. Hapa get ni kuingia kwenye hali. Kiswahili mara nyingi hakihitaji neno la pembeni, hali yenyewe ina kitenzi chake: kasirika, choka, lewa, zeeka, ugua, pata nafuu, jiandaa. Mpaka hapo sawa. Shida inaanzia kwenye -me- yetu, kwa sababu -me- inabeba vitu viwili kwa wakati mmoja, inasema umevuka na inasema bado uko huko ulikovukia. "Nimekasirika" ni nimeingia kwenye hasira na sa hizi nina hasira. Kiingereza kinavitenganisha hivyo viwili, kule kuvuka ni get na kule kuwepo ni be, na mtu anayefikiri kwa Kiswahili anachagua kimoja kwa kubahatisha, ndo unamsikia mtu amechoka hapohapo mbele yako anasema "I got tired" na msikilizaji anasubiri hadithi iendelee, ulichoka lini, ikawaje?

Njia niliyoiona inasaidia ni kuangalia alama ya wakati kwenye Kiswahili chako kabla hujafungua mdomo. Kama ni -me- na unaongelea sasa, nenda na be: nimechoka "I'm tired", amelewa "he's drunk", nimezoea "I'm used to it", wameoana "they're married". Kama ni -li-, yaani tukio limetokea wakati fulani huko nyuma, nenda na got: alikasirika "he got angry", tulipotea "we got lost", nililewa "I got drunk". Kama ni -na- ya kitu kinachoendelea, nenda na getting: giza linaingia "it's getting dark", naanza kuzoea "I'm getting used to it". Na kama unasema alikuwa amekasirika, yaani ulimkuta tayari na hasira zake, hiyo ni "he was angry". Siyo sheria isiyo na mipaka, lakini itakuvusha mara nyingi kuliko kukariri.

Kwenye "get used to" simama kidogo kwa sababu pana shimo. "I used to wake up early" ni zamani nilikuwa naamka mapema, siku hizi siamki. "I'm used to waking up early" ni nimezoea kuamka mapema. "I'm getting used to waking up early" ni naanza kuzoea. Sentensi tatu zinafanana kwa sauti, halafu ya kwanza inasema tabia imeisha na hizi mbili zinasema tabia ipo au inakuja. Ukiona am, is, are au get mbele ya used, hapo ni kuzoea, na kitenzi kinachofuata kinavaa -ing.

Halafu kuna kitu get haiwezi: haikai na jina la cheo au kazi kwa maana ya kuwa. "I want to get a doctor" haimaanishi nataka kuwa daktari, inamaanisha nataka nimpate daktari, labda kuna mgonjwa ndani. Kuwa daktari ni "become a doctor". Get inapenda sifa, become inapokea sifa na majina. Na kuna hali nyingine zina vitenzi vyake wenyewe, chakula kikiharibika wanasema "it went bad", mtu akipofuka "he went blind", uso ukiwa mwekundu "her face turned red". Hizo ni mazoea ya lugha, zinaokotwa njiani.

Ndoa naiweka peke yake kwa sababu inaonyesha jinsi lugha mbili zinavyoigawa dunia tofauti. Kwetu mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, wote wawili wanaoana. Kiingereza kinamwaga yote kwenye chombo kimoja, "he got married", "she got married", "they got married", mwanaume na mwanamke wanavuka mto uleule kwa kitenzi kilekile. Sasa mtu wetu akitaka kusema ameolewa na fulani, ile "na" inamvuta, anasema "she was married by him" au "she got married with him". Ya kwanza ni kosa lenye madhara kabisa, kwa sababu "married by" ni yule aliyefungisha ndoa, mchungaji au ofisa wa serikali, ukisema "I was married by my uncle" watu wataelewa mjomba ndo aliyefungisha. Mwenza anakuja na to: "she got married to a teacher". Na "married with" utaisikia, ila kwenye "he's married with two children", yaani ana ndoa na ana watoto wawili.

Twende kwenye kile kimkia cha -wa, kutendwa. Kiingereza cha vitabuni kinafundisha "was": "he was fired", "my phone was stolen". Cha mdomoni kinapenda "got": "he got fired", "my phone got stolen", "we got invited", "I got paid". Maana ya msingi ni ileile lakini kuna tofauti mbili ambazo nadhani ni muhimu. Moja, was inaweza kuwa hali au tukio, "the window was broken" inaweza kuwa dirisha lilikuwa limevunjika tulivyofika, au dirisha lilivunjwa saa fulani, hujui. "The window got broken" haina utata, kuna muda ambapo kioo kilikuwa kizima halafu kikaacha kuwa kizima. Ule uvukaji wetu tena. Ya pili ni moyo: got inamweka msemaji karibu na jambo, limemgusa, mara nyingi ni baya kama kuibiwa au kugongwa na gari, na mara nyingine ni zuri kama kuchaguliwa au kupandishwa cheo. Ndo maana kwenye ripoti utaona was na kwenye stori za marafiki utasikia got. Na ukiongeza "himself" lawama inamrudia mwenyewe: "he got himself arrested", amejiletea mwenyewe.

Upande wa pili wa kutendwa kuna kutendesha, na hapa Kiswahili chetu kinatuponza vizuri sana. Sisi tunasema "nimekata nywele" hata kama umekaa kwenye kiti na kinyozi ndo kafanya kazi yote, na hakuna mtu atakayekuuliza. Tunasema "nimetengeneza gari" na aliyechafuka mikono ni fundi. Tunasema "nimepima damu" na aliyepima ni mtu wa maabara. Ukipeleka hivyohivyo kwa Kiingereza, "I cut my hair" wataona wewe mwenyewe na mkasi mbele ya kioo, na "I fixed my car" wataanza kukuomba uangalie na ya kwao. Kama kazi kafanya mtu mwingine kwa niaba yako, unaweka kitu katikati na kitenzi mwishoni: "I got my hair cut", "I got my car fixed", "I got my blood tested". Kila nikimsikiliza mtu wetu anayeongea Kiingereza kizuri tu, hapa ndo nasikia pengo, kwa sababu hakuna mtu anayemrekebisha, sentensi ni sahihi kabisa kwa gramari, ila inasema kitu kingine.

Na kumfanya mtu afanye jambo? "I got him to apologise", nimefanya mpaka akaomba msamaha. Linganisha na "I made him apologise", nilimlazimisha, na "I had him call you", nilimwagiza akupigie. Get ipo katikati, ina harufu ya kubembeleza, kushawishi, kuzunguka mpaka mtu akubali. Na ina to, wale wengine hawana.

Safari sasa. Get ni kufika, "I got home at ten", "how do I get to the station?" Sisi kwa sababu ya nimefika tunakimbilia reach, "I've reached", na watu wanaelewa, ila kwa wale waliozaliwa nayo mara nyingi ni "I'm here", "I got here an hour ago", "did you get home safe?" Na home, here na there hazitaki to mbele yake. Kwa vyombo, get ni kupanda na kushuka na swali kubwa la watu ni lini on lini in. Kipimo kinachofanya kazi ni hiki: chombo ambacho ukiingia unaweza kusimama na kutembea ndani yake, basi, treni, ndege, meli, ni "get on" na "get off". Kile ambacho unainama unajipenyeza unakaa, gari dogo au teksi, ni "get in" na "get out of". Baiskeli, pikipiki na farasi unakaa juu, kwa hiyo on. Na safari siyo lazima iwe ya miguu, mtu akiulizwa kazi imefikia wapi akajibu "we're getting there" ni kwamba inasogea, bado kidogo.

Kuelewa ni kwepesi kwetu kwa sababu tunafikiri vilevile. Umenipata? Nimekupata. "Do you get me?" "Got it." Hilo ni lile ongietan la kale lililokufa, maana yake imerudi kupitia mlango mwingine, na naliona kuwa jambo zuri sana kwamba lugha mbili ambazo hazina undugu zote zimeona kuelewa ni kukamata. Ila angalia, nakupata siyo "I'm getting you", kwenye maana hii hawapendi -ing, ni "I get you". Na "I didn't get that" mara nyingi ni sikusikia vizuri, rudia tafadhali. "Don't get me wrong" ni usinielewe vibaya, na ni kinga nzuri kabla ya kusema neno zito.

Sasa fundo lenyewe, got. "I've got a car." Kwa umbo inaonekana ni nimepata gari, ila maana yake ni ninalo gari, sasa hivi, hata kama ni la miaka ishirini. Watu wanachanganyikiwa hapa wakati sisi tunalo jambo hilihili kila siku: amevaa koti, amebeba mtoto, ameshika kalamu. Hizo zote kwa umbo ni vitendo vilivyomalizika, ila tunazitumia kusema hali ya sasa, koti liko mwilini, mtoto yuko mgongoni. "I've got" imepita njia hiyohiyo, nimeshapata kwa hiyo ninacho. Kutoka hapo ikasogea tena ikawa lazima: "I've got to go", nina kwenda mbele yangu, yaani inabidi niende. Na kwenye mdomo wa haraka inasagika inakuwa "I gotta go".

Kumbe kuna nyingine inayofanana nayo kama pacha: "I got to go". Ukiisikia bila 've na habari ni ya nyuma, kwa mfano "last year I got to go to Japan", hiyo siyo lazima, ni nafasi, nilipata kwenda Japani. Na ona Kiswahili kilivyo na mali ndani, nilipata kwenda, nilipata kumwona, neno kwa neno ni ileile. "I get to work with her" ni nina bahati ya kufanya naye kazi, "I've got to work with her" ni sina jinsi lazima nifanye naye kazi. Mwenzako akikusikia vibaya hapo anaweza kudhani unalalamika wakati unafurahi. Uki-chati ni mbaya zaidi kwa sababu wengi wanaandika "I got to go" wakimaanisha gotta, kwa hiyo angalia wakati, kama kuna jana au mwaka jana ni nafasi, kama mtu anaaga ni lazima.

Gotten nayo inaleta ugomvi usio na msingi. Kuna watu wanasema ni Kiingereza kibovu cha Wamarekani. Siyo kweli, ni umbo la zamani ambalo walowezi waliondoka nalo Uingereza karne ya 17, kule Marekani likabaki hai, Uingereza likafifia mpaka likabakia ndani ya forgotten na "ill-gotten", yaani mali ya haramu. Na Wamarekani wanalitumia kwa akili: "I've gotten a car" ni nimepata gari, "I've got a car" ni ninalo. Kuvuka kuna neno lake na kuwa nacho kuna neno lake. Mwingereza anatumia got kwa vyote viwili na anategemea muktadha. Chagua upande mmoja, ukae nao, hakuna wa kukulaumu.

Kuna lile jeshi la get na vijineno vya nyuma, up, over, by, through, along, away. Haziishi na sitajaribu kuzimaliza, ila nyingi ukichora picha kichwani zinajieleza. Over ni kuruka kitu kikabaki nyuma, kwa hiyo "get over" ugonjwa ni kupona na "get over it" ni achana nayo, ipite. By ni kupenya pembeni kwa shida, "we get by" tunasogeza siku. Through ni kutoboa mpaka upande wa pili, "I couldn't get through" simu haikuingia, na pia mtu asiyekusikiliza unasema "I can't get through to him". Away ni kutoroka, "he got away with it", kafanya kosa na hakuna lililompata. Along ni kwenda pamoja njia moja, "they get along", wanaelewana. "I'll get back to you" ni nitakurudia na jibu. Nyingine zinagoma kuchorwa, "what are you getting at?" ni unataka kusema nini hasa, hiyo kariri tu. "Get lost" ni potea, na ni tusi kama kwetu. "Get out!" ikisemwa kwa ukali ni toka, ikisemwa kwa macho makubwa na tabasamu ni acha bwana, kweli? Sauti ndo inaamua.

Na sauti yenyewe, kama unasikiliza Wamarekani, t ya get ikifuatwa na irabu inalainika karibu na r yetu nyepesi, "get it" inakuwa kama gerit, "get out" kama geraut, "getting" kama gering. Watu wengi wanajua maana zote hizi na bado hawazisikii kwa sababu wanasubiri t ambayo haiji.

La mwisho ni mahali pa kuitumia. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa Normandy kule kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza na Kifaransa chao kikawa lugha ya wakubwa, na humo ndimo yalimotoka receive, obtain, acquire, arrive. Ndo maana mpaka leo barua ya kuomba kazi inasema "I received your letter" na rafiki anasema "I got your text", ni ngazi mbili za lugha moja. Walimu wengi wanawaambia wanafunzi waiepuke get kwenye insha, na kwa insha ni ushauri wa maana, ila mwanafunzi anaubeba mpaka kwenye mazungumzo, anamwandikia rafiki yake "I arrived home, I received your message, then I became sick". Kila neno ni sahihi na rafiki anahisi anasoma taarifa ya polisi. Mtu aliyekulia kwenye Kiingereza angeandika "I got home, got your message, then got sick", get tatu kwenye mstari mmoja, ya kwanza kufika, ya pili kupata, ya tatu kuugua, na wala asingegundua kwamba amelirudia neno.